Bedilaina ya kupaka mwenyewe kwenye pikapu kuukuu: inazuia kutu au inaificha?

#1 Mchuuzi_wa_Sahare
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux dabo kebini ya mwaka 1996, LN106, injini ya 3L, nimeachiwa na baba mdogo. Mashine haijawahi kunilaza njiani. Tatizo ni bodi la nyuma. Kila alfajiri nabeba samaki na barafu kutoka Sahare hadi sokoni hapa Tanga, na barafu ikiyeyuka maji yanachanganyika na chumvi na damu, yanatambaa sakafu nzima. Rangi imevimba malengelenge, na kwenye kona ya mbele karibu na kebini kuna tundu ambalo kidole changu kinapita.

Kijana mmoja kaniambia ninunue ile rangi nene nyeusi yenye chengachenga, bedilaina, nipake mwenyewe kwa rola siku moja, kutu itakufa kwa kukosa hewa. Mwingine kanikatalia kabisa, anasema nitakuwa nimeifunika kutu blanketi. Nani mkweli kati yao? Gari hili ndilo linalosomesha wanangu, sitaki kulikosea. Natanguliza shukrani.

#2 Kipepeo84
Naweka kambi. Yangu ni Datsun, ugonjwa huohuo.

#3 FundiBodi_Gerezani
Mkuu, nimenyoosha bodi miaka 19 na jibu langu ni hili: bedilaina ni ngozi ngumu, siyo dawa. Kazi yake ni kuzuia mikwaruzo ya kreti, sepetu na mawe. Kitu kinacholinda chuma ni kile kilicho chini yake, yaani praima, rangi ya kwanza inayoshika chuma.

Kama umeamua, fanya hivi. Osha bodi kwa sabuni na maji mengi yasiyo na chumvi, rudia siku ya pili. Toa mafuta yote ya samaki kwa thina na kitambaa safi, na ubadilishe kitambaa kila kikichafuka. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanakimbilia msasa kabla ya kutoa mafuta, wanayasugulia ndani ya mikwaruzo. Kisha grenda yenye brashi ya waya hadi uone chuma kinang'aa. Madoa meusi yaliyobaki kwenye vishimo ndiyo kutu yenyewe, ikiachwa hapo itaendelea kula. Hayo yapigwe dawa yenye asidi ya fosforasi, yasuuzwe, yakauke kabisa. Halafu praima ya epoksi ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuikomaza), mikono miwili, yaani tabaka mbili. Ikiwa bado haijafikia muda wa kukomaa ulioandikwa kwenye kopo, panda juu yake na laina. Muda ukipita, ikwaruze kwa msasa kwanza.

Kijana aliyekuambia siku moja hajawahi kulipwa na mteja aliyerudi analalamika.

#4 Chumvi_ya_Kilwa
Fundi wa #3 kasema vizuri, ila mimi nilifanya yote hayo na bado nililia. Pikapu yangu inabeba chumvi kutoka mabwawa ya huku Kilwa. Nilisugua siku tatu na watoto wa kaka, tukapiga epoksi, tukapaka laina mikono miwili. Ilipendeza kama gari jipya. Masika ya kwanza ikapita salama. Ya pili, nikaona mstari umenyanyuka kwenye maungio ya sakafu na ubavu. Nikaingiza bisibisi, laina ikabanduka kama ganda la muhogo uliochemka, kipande kirefu kama mkono. Chini yake kutu ya matabaka na maji machungu bado yapo.

Na mvua ilikuwa imekatika wiki nzima! Yaani laina iliyahifadhi yale maji. Tangu siku hiyo nasema rangi ya kawaida ni bora, kwa sababu ikianza kuharibika unaona.

#5 Mkemia_Morogoro
Niongeze kidogo hapa kwa sababu nafundisha somo hili.

Kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni. Yule kijana wa kwenye #1 alikuwa na hoja nusu: ukikata oksijeni na maji kabisa, kutu inasimama. Shida ni neno "kabisa". Tabaka la plastiki linapitisha mvuke na hewa kidogokidogo, na likishatoboka sehemu moja, maji yanaingia kirahisi na kutoka kwa taabu.

Chumvi ndiyo adui mkubwa hapa. Kwanza inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme. Pili, chumvi ya kawaida inavuta unyevu hewani: unyevunyevu ukifika karibu asilimia 75, punje ya chumvi inajiyeyusha yenyewe. Pwani ya Tanga usiku unapita hapo mara nyingi. Kwa hiyo ndugu wa Kilwa, hata bila mvua, chumvi iliyobaki chini ya laina ilikuwa inajinywesha. Swali langu kwako: kabla ya epoksi uliosha mara ngapi, na kwa maji gani?

Halafu kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma ilichokila. Ikizaliwa chini ya laina inaisukuma juu, inafungua mlango mpana zaidi. Ndiyo maana iliweza kubanduka kipande kizima.

#6 Chumvi_ya_Kilwa
Mwalimu, tuliosha mara moja, kwa maji ya kisima. Na kisima chetu kina magadi.

#7 FundiBodi_Gerezani
Basi kesi imeisha hapo!

#8 Chumvi_ya_Kilwa
Haijaisha fundi. Katikati ya sakafu, ambako tuliosha kwa maji yaleyale, laina imeshika hadi leo, huwezi kuitoa hata kwa patasi. Iliyobanduka ni ya kwenye maungio tu. Kama ni maji ya kisima, mbona yamechagua sehemu?

#9 Likoni_Pickups
Hamjambo ndugu. Niko Mombasa. Gari yangu nilipaka laina ikiwa haina kutu hata tone, mwaka 2017, nabeba saruji na mawe. Hadi leo iko sawa, imepauka tu kwa jua imekuwa kijivu. Nafikiri swali lote liko hapo: ulianza na chuma kizima au kigonjwa? Laina haimponyi mgonjwa.

Na kwa ndugu wa Kilwa, maungio yale yamebanwa bati juu ya bati. Grenda haifiki katikati, msasa haufiki, praima haifiki. Kutu yako ilikuwa ndani ya sandwichi tangu zamani.

#10 Mwana_wa_Nungwi
Assalaam alaykum. Mie nna hoja nyengine. Watu wengi wanachanganya laina ya kupaka na lile beseni la plastiki la kutumbukiza. Kaka yangu alikuwa na lile beseni. Siku tuliyolitoa, chini yake mlikuwa na mchanga, magamba ya samaki na maji. Gari likitikisika beseni lilikuwa linasugua rangi kama msasa, na maji hayana pa kutokea. Sakafu ilikuwa chujio. Mwenye lile beseni alitoe leo aangalie.

Jengine. Wazee wetu walikuwa wakichemsha magome ya mkandaa kutia nyavu na mishipi isioze. Fundi mmoja wa boti hapa hupaka maji yale kwenye nanga na minyororo yenye kutu, inageuka nyeusi na kutu inapungua. Wataalamu mnasemaje?

#11 Mkemia_Morogoro
Nungwi, umenifurahisha sana. Magome ya mkandaa na mkoko yana tanini nyingi, na pwani yetu iliwahi kuyauza nje kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na kutu inafanya kitu cheusi chenye buluu, jamaa wa karibu wa wino wa zamani. Dawa kadhaa za kubadilisha kutu zinazouzwa kwenye makopo zimejengwa juu ya asidi ya taniki, wakati mwingine pamoja na ile ya fosforasi.

Ila angalia mipaka yake: inabadilisha kutu ile inayoifikia. Kutu ya matabaka lazima ivunjwe kwanza kwa nyundo na brashi. Na maji ya magome ya kuchemsha jikoni hujui nguvu yake. Kwa mnyororo wa nanga sawa, kwa sakafu ya gari nisingeyategemea peke yake.

#12 Mwana_wa_Nungwi
Shukran mwalimu. Na sifa ya papa je, yale mafuta ya ini lake? Majahazi yanapakwa sifa mbao zisipasuke.

#13 Mpemba_Winnipeg
Hapo kwenye sifa nina la kusema. Nahodha mmoja wa Kiskoti, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yamesimamisha kutu. Akayafanyia kazi miaka mingi, na mwaka 1921 akaanzisha Rust-Oleum, kampuni ya rangi za kuzuia kutu. Kwa hiyo wazee wa majahazi hawakuwa mbali.

Huku Kanada barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji, gari linaliwa kutoka chini. Majirani zangu wamegawanyika vilevile kama nyie. Wapo wanaopaka vitu vizito vyeusi mara moja, na wapo wanaopuliza mafuta mepesi kila mwaka chini ya gari na ndani ya milango. Mimi ni wa mafuta. Mafuta yanapenya kwenye lile sandwichi la #9 ambako rangi haifiki, na yakikwaruzwa yanatambaa kujiziba. Ubaya wake yanakamata vumbi, yanachafua nguo na lazima urudie.

#14 Dreva_wa_Segera
Kumbe tulivyokuwa tunapaka oili chafu chini ya malori tulikuwa wataalamu!

#15 Mkemia_Morogoro
Oili chafu inasaidia kwa sababu inafukuza maji, sitabisha. Lakini imebeba asidi na chembe za metali kutoka kwenye injini, inalainisha mipira ya bushi, na ikidondoka inaingia ardhini kwenye visima vyetu. Kwa gari linalobeba chakula cha watu, tafadhali usiiweke karibu na bodi.

#16 LandRover_Mikumi
Nyie mnahangaika na mabati ya Toyota, mimi bodi langu ni aluminiamu, sina kutu tangu nazaliwa. Mleta mada, tandika shiti ya aluminiamu juu ya sakafu, piga riveti, maisha yaendelee.

#17 FundiBodi_Gerezani
Mzee wa Land Rover, bodi ni aluminiamu lakini chasisi ni chuma. Mwaka juzi nimechomelea viraka chasisi mbili za namna hiyo. Ingia chini ya gari lako na nyundo kesho asubuhi, gongagonga, kisha uje hapa.

#18 Mkemia_Morogoro
Na ushauri wa #16 usifuatwe kwenye gari la samaki. Aluminiamu na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi vinakuwa kama betri. Aluminiamu ndiyo itakayoliwa kwanza, inatoa unga mweupe, na chini ya shiti maji yatakaa. Ukitaka kuweka lazima kuwe na mpira au tabaka nene kati yao, na njia ya maji.

#19 LandRover_Mikumi
Unga mweupe upo kweli kwenye riveti zangu. Nilidhani ni vumbi la barabara.

#20 Kijana_Mwenge
Lakini si Toyota wenyewe walikubali kosa la kutu wakalipa watu? Nilisikia Hilux zote zilirudishwa. Mleta mada adai chake.

#21 Mpemba_Winnipeg
Hapana ndugu, turekebishe. Ni Marekani, mwaka 2016. Toyota walikubali kumaliza kesi ya chasisi zinazooza kwa Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008. Gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Hilux ya 1996 ya Tanga haimo. Na ile ilikuwa chasisi, siyo sakafu ya bodi. Ila kuna funzo la kiufundi pale: chuma kisipopata kinga ya kutosha kiwandani, ndani ya boksi la chasisi kinaoza huku nje kunaonekana kuzuri.

#22 Mchuuzi_wa_Sahare
Nawasoma wote, asanteni mno. Nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimeuliza bei: laina ya makopo ya kuchanganya, hadena yake, epoksi na thina, ukijumlisha inakaribia bei ya bati jipya la sakafu na fundi wa kuchomelea. Pia muuzaji kaniambia naweza kupulizia kwa kompresa ya kujaza upepo, nikafunga leso puani. Ni salama?

#23 Rangi_na_Mapafu
Mkuu, hapana. Tena hapana.

Hizi laina za kuchanganya nyingi ni poliyurethani. Hadena yake ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukiipuliza inakuwa ukungu mwembamba unaoingia hadi ndani ya mapafu, na leso au barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Mdogo wangu alipiga rangi za namna hiyo miaka minne kwenye banda lisilo na dirisha. Sasa ana pumu. Akikaribia gereji inayopaka, hata kama yuko upande wa pili wa barabara, kifua kinabana. Daktari alimwambia mwili umeshaizoea vibaya, hata kiasi kidogo kinamwasha. Kazi aliyoipenda ameacha akiwa na miaka 27.

Ukipaka kwa rola nje penye upepo, hatari ni ndogo kuliko kupuliza, lakini vaa glavu, miwani na barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kupuliza waachie wenye vifaa vya kuvuta hewa safi kutoka nje. Watoto wasikaribie.

#24 FundiBodi_Gerezani
Nakubaliana na #23 kwa moyo wote. Nimezika mwenzangu wa kazi, na sisi enzi hizo tulidhani maziwa yanasafisha kifua.

#25 Rangi_na_Mapafu
Pole sana fundi.

#26 Likoni_Pickups
Pole fundi.

Mchuuzi, kabla ya kutumia hata senti, fungua bolti, nyanyua bodi zima utoe. Vijana wanne wanatosha. Tazama chini. Nina hisia unapigana na upande usio sahihi.

#27 Kipepeo84
Na tundu za kutolea maji je? Datsun yangu zilizibwa na fundi aliyepaka rangi nene.

#28 Mwana_wa_Nungwi
Hilo kubwa hilo. Ukipaka laina ziba tundu kwa vijiti, kisha vitoe kabla haijakauka. Na paki gari pua ikiwa juu kidogo, maji yakimbilie nyuma.

#29 Mchuuzi_wa_Sahare (wiki tatu baadaye)
Wakuu, nimerudi. Tulinyanyua bodi Jumapili. Likoni, una macho ya mbali.

Sehemu ya juu ya sakafu ni vishimo na malengelenge tu. Chini ndiko kwenye msiba. Pale sakafu inapolalia mataruma yake kulikuwa na tope lililoshindiliwa gumu kama tofali, limekaa pengine tangu enzi za baba mdogo, na ndani yake unyevu. Baba mdogo alikuwa ameweka vipande vya mbao kati ya bodi na chasisi kupunguza mtikisiko. Mbao zimelowa kama sifongo, na kila zilipogusa chuma kimeliwa. Lile tundu la kidole lilitoboka kutoka chini kuja juu. Chasisi tumeigonga kwa nyundo yote, inalia vizuri isipokuwa juu ya ekseli ya nyuma, ambako sauti ni butu.

Kwa hiyo ningepaka laina juu, ningekuwa nimepaka paa la nyumba ambayo msingi unaoza.

#30 FundiBodi_Gerezani
Hapo kwenye sauti butu usipapuuze. Toboa kwa ncha kali. Ikipenya, kata hadi chuma kizima, uchomelee bati la unene uleule. Usiweke puti kwenye chasisi, nakuomba.

#31 Chumvi_ya_Kilwa
Naona wote mnasema kutu inatoka chini sasa. Mbona mimi ya kwangu nilitoa bodi, chini kulikuwa kuzuri? Yangu ilianzia kwenye maungio, kwa juu.

#32 Mkemia_Morogoro
Zinaweza kuwa kesi mbili tofauti. Yako mzigo ni chumvi yenyewe na ipo juu. Yake ni maji, tope na mbao chini. Bado nashikilia kwamba maji yako ya kuoshea yalichangia.

#33 Chumvi_ya_Kilwa
Na mimi bado nashikilia ni laina iliyafungia.

#34 Likoni_Pickups
Na mimi nashikilia ni sandwichi. Mngeweka silanti, ile gundi ya kuziba maungio, kabla ya laina, tusingekuwa hapa.

#35 Mpemba_Winnipeg
Mchuuzi, badala ya mbao weka vipande vya mpira mgumu, vyenye nafasi pembeni maji yapite. Maungio mapya yapulizie mafuta au nta kwa ndani baada ya rangi kukauka. Kila mwaka.

#36 Dreva_wa_Segera
Tumia bati la zinki kwa sakafu mpya, umalize mambo.

#37 FundiBodi_Gerezani
Zinki ni nzuri, lakini anayechomelea asage zinki pembeni mwa mshono kwanza na akae penye upepo. Moshi wake unaleta homa usiku huohuo. Na mshono ukishaungua hauna zinki tena, lazima upate praima yake.

#38 Mchuuzi_wa_Sahare
Nimenunua bati la zinki leo. Fundi wa kuchomelea anaanza kesho na nimemsomea #37 neno kwa neno. Juu ya ekseli bisibisi imepenya, tunakata kiraka. Maji ya kuoshea nachukua ya bomba, siyo ya kisima.

Kilichobaki ni kimoja. Juu ya epoksi, nipake laina au rangi ya kawaida? Kreti za samaki zinaburuzwa kila siku, rangi haitadumu. Ila hadithi ya Kilwa imenikaa kichwani.

#39 Chumvi_ya_Kilwa
Rangi. Na mkeka wa mpira juu, unaoutoa kila jioni kuosha.

#40 Likoni_Pickups
Laina, lakini katikati tu ya sakafu kreti zinapoburuzwa. Maungio acha na silanti na rangi, uyaone kwa macho.

#41 FundiBodi_Gerezani
Laina yote. Chuma sasa ni kizima. Kabla hujapanda, jaribu epoksi yako: ikikauka, chora alama ya mkasi kwa wembe sehemu isiyoonekana, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, umeosha vibaya, rudi mwanzo.

#42 Mchuuzi_wa_Sahare
Nitafanya jaribio la selotepu Alhamisi, nalileta hapa na picha kabla sijafungua kopo lolote.